Krima za vipakti kazini: za unga au za maji? Haya ndiyo niliyoyaona mimi

Assalaam alaykum. Ndugu muulizaji, umesema ofisini kwenu Mjini hakuna friji, maziwa ukiyafungua asubuhi adhuhuri yashaanza kunuka, na hata yakiwa mazima tumbo lako haliyataki, linaunguruma mpaka wenzako wanacheka. Unauliza kama zile krima za kahawa za kikombe kimoja kimoja, zisizokuwa maziwa, zinafaa kwa matumizi ya kila siku, na kama uchukue za unga au zile za maji za vijikombe. Waliotangulia kukujibu wamekwambia "zote sawa tu, chukua rahisi". Mimi nasema si sawa, na hiyo rahisi ndiyo ya kuitazama mara mbili.

Nipo Chake Chake, Pemba, kazi yangu ni hesabu, na msimu wa karafuu tunakaa ghalani mpaka usiku mkubwa. Bila kahawa nitaandika gunia thelathini pahala pa kumi na tatu. Lakini krima sikuanzia Pemba, nilianzia Unguja, ule umeme ulipokatika kisiwa kizima Disemba 2009 ukaja kurudi Machi 2010. Waliokuwepo hawahitaji kusimuliwa. Nilikuwa nimepanga chumba Kikwajuni, friji likageuka kabati la vyombo. Bi mkubwa mwenye nyumba alikuwa akichemsha maziwa asubuhi, akayachemsha tena baada ya adhuhuri, na magharibi yakakatika vilevile. Siku moja akanipa vipakti vitatu alivyoletewa na mwanawe aliyekuwa akifanya kazi hotelini, akaniambia, "Hebu jaribu unga huu wa wazungu, mimi umenishinda." Nikautia kwenye Africafe, ile kahawa ya unga ya kopo. Tangu siku ile ninao kwenye mkoba.

Tuanze na za maji. Vile vijikombe vya plastiki vyenye kifuniko cha kubandua huwa na kama mililita 11 hivi. Vinakaa bila friji kwa sababu vimepitishwa kwenye moto mkali kabla ya kufungwa, si kwa sababu vimetiwa miujiza. Utamu wake ni mzuri, na raha yake ni kuwa hata kahawa ikiwa vuguvugu vinachanganyika bila tabu. Ila ugeuze sanduku usome: kitu cha kwanza kilichoandikwa ni maji. Orodha ya vitu huandikwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia, kwa hiyo hapo umenunua maji yaliyovuka bahari. Kijikombe kimoja kwenye kikombe kikubwa cha ofisini hakionekani hata kimepita wapi, unaishia kutia viwili, mara vitatu. Na vikipigwa na jua ndani ya gari vinavimba, ukibandua kimoja kinakurukia kwenye shati.

Halafu kuna hili la maji yetu. Nilikwenda Makunduchi kwa dada yangu nikabeba vijikombe kumi. Asubuhi kanitilia kahawa, nikatia kijikombe, kikakatika papo hapo: vipande vidogo vyeupe vinaelea juu kama nazi iliyochujwa vibaya. Nikatupa, nikafungua kingine, vilevile. Nikasema zimeharibika, nikamlaani muuza duka wa watu. Niliporudi nyumbani, kwenye lile lile sanduku, haikukatika hata moja. Kilichokuwa tofauti ni maji. Visima vya kule vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, maji ni magumu, sabuni haitoi povu na birika la dada lina magamba meupe ndani kama limepakwa chokaa. Madini yale ya kalisi yakikutana na ukali wa kahawa na moto, protini iliyomo kwenye krima inajikunja. Watengenezaji wanaujua ugomvi huo ndiyo maana wanatia chumvi ya fosfeti, utaiona imeandikwa E340, kazi yake ni kuamua. Lakini kwa maji ya Makunduchi mwamuzi alizidiwa. Kwa hiyo kama birika la ofisini kwenu lina magamba, usinunue sanduku zima. Omba vijikombe viwili ujaribu kwanza, na uiache kahawa ipungue moto kidogo kabla hujatia.

Za unga ndizo ninazotumia mimi kila siku. Kipakti cha kawaida ni gramu 3, bei yake kwa kikombe haifiki karibu na ya kijikombe, havimwagiki, na ukivisahau mkobani mwezi mzima unavikuta vilevile. Adui yake ni mmoja, nao tumezaliwa naye: unyevu. Wakati wa masika unga huu unanyonya maji ya hewani kama chumvi. Kampuni zinatia E551, ambayo ni silika, ili unga usishikane, lakini kama mshono wa kipakti ni dhaifu silika haina la kufanya.

Namna ninayovipima dukani ni hii. Nakishika kipakti kwa pembe moja, nakitikisa karibu na sikio. Kikisema sha-sha-sha kama mchanga mkavu, nanunua. Kikiwa kimya, au kikigonga kama kuna jiwe ndani, narudisha. Halafu napitisha kidole kwenye mshono wa juu na wa chini, maana mara nyengine unga umenaswa pale pale kwenye mshono na kipakti hakikufungika sawasawa. Muuza duka wangu wa Chake keshanizoea, ananiita "daktari wa vipakti". Na aniite.

Nyumbani na kazini viwekwe kwenye chupa ya jamu yenye kifuniko cha kukaza. Hili nilijifunza ghalani. Nilikuwa navikata vipakti vitano kwa pamoja navimimina kwenye kikopo, nikiona ni wepesi, nakuja kuchota kwa kijiko. Kikopo kilikuwa juu ya meza, magunia ya karafuu hatua tatu nyuma yangu. Unga huu una mafuta mengi, na mafuta yanabeba harufu. Siku ya tatu nikapiga funda, nikamuuliza mwenzangu nani katia karafuu kwenye chupa ya chai. Hakuna aliyetia. Kikopo kizima kimekuwa karafuu. Tuliimaliza, maana sisi Wapemba karafuu haitutishi, lakini nilielewa kwa nini vinafungwa kimoja kimoja.

Sasa njoo kwenye tumbo lako, na hapa usome polepole. Hilo neno "si maziwa" lililoandikwa kubwa mbele ya sanduku halina maana kwamba ndani hamna chochote kilichotoka kwa ng'ombe. Nyingi katika krima hizi zina sodiamu kaseineti, ambayo ni protini ya maziwa. Ukitazama nyuma ya sanduku utaona neno linaloanza na herufi c-a-s-e-i-n. Marekani sheria inawaruhusu kuziita hivyo, ila inawalazimu waandike pembeni mwa kaseineti kwamba asili yake ni maziwa. Vilivyobaki ni glukosi iliyokaushwa, ambayo mara nyingi ndiyo inayotangulia kwenye orodha, na mafuta ya mimea, ya kokwa za mchikichi au ya nazi, yaliyogandishwa.

Kama linalokusumbua ni ile sukari ya maziwa, laktosi, tumbo kujaa na kuunguruma kama ulivyosimulia, kaseineti kwa kawaida haina neno, maana laktosi iliyobaki ndani yake ni kidogo mno. Mwenzangu wa meza ya pili ana tumbo kama lako, anakunywa vikombe viwili kwa siku na anafanya kazi zake. Jaribu siku ya Jumamosi uko nyumbani, usijaribu siku ya kikao.

Lakini kama kuna mtu hapo kwenu ambaye mwili wake haupatani na maziwa, yaani anatoka vipele au anavimba, msimpe. Nasema hivi kwa sababu nilishampa mtu. Kijana wa shangazi yangu tangu mchanga haguswi na maziwa, sote tunajua. Alikuja kwetu, nikamtengenezea chai nikatia kipakti kimoja kwa kujiamini kabisa, tena nikamwonesha: soma, si maziwa. Hakumaliza nusu kikombe midomo ikaanza kuvimba, akawa anajikuna shingo. Tukamkimbiza hospitali akapigwa sindano, na baada ya isha alikuwa amekaa anakula. Shangazi hakunisema hata neno moja. Angalisema ningalipata nafuu. Usiku ule ndipo nilipogeuza sanduku nikasoma nyuma kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote ile.

Na hapo ndipo penye hatari ya duka zetu: vipakti vinauzwa rejareja, viwili vitatu, na kipakti chenyewe mara nyingi kina jina tu na ua. Orodha iko kwenye sanduku, na sanduku liko chini ya meza au limeshachanwa kufungia vitu vyengine. Muombe akuoneshe. Akikwambia halipo, mshukuru uende duka la pili. Kwenye sanduku hilo hilo utazame na tarehe, maana mzigo mwengine hufika ukiwa umebakisha miezi michache.

Mkiwa na mtu wa sukari ofisini, kama baba yangu mimi, asidanganyike na utamu kuwa mdogo. Glukosi ni glukosi hata kama ulimi hauitambui vizuri. Kipakti cha gramu 3 ni kama kalori 15 tu, si kitu, lakini baba yangu alikuwa anatia vinne akisema "hii haina sukari". Sasa anatia kimoja, na analalamika.

Mafuta: ukiona imeandikwa mafuta yamegandishwa kwa sehemu, yaani si yote (kwa Kiingereza "partially hydrogenated"), iache. Huko ndiko yanakotoka yale mafuta mabaya kwa moyo, ambayo Marekani iliamua mwaka 2015 yaondolewe kwenye chakula, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 likazitaka nchi zote ziyaondoe ifikapo 2023. Kampuni nyingi zimebadilisha, lakini mzigo wa bei ya kutupa siuamini. Na ile E471 inaweza kutoka kwenye mimea au kwa mnyama, namba peke yake haikwambii, kwa hiyo mimi natafuta alama ya halali. Nisipoiona nachukua iliyoandikwa wazi kuwa ni ya mimea.

Zile za tatu-kwa-moja, kahawa na sukari na krima pamoja, sizitaki. Ni sukari yenye harufu ya kahawa. Watoto wa skuli wanazipenda, inatosha kujua ni za nani.

Kuchanganya: maji ya chupa ya chai yaliyolala tangu alfajiri hayatoshi. Unga hauyeyuki wote, mafuta yanapanda juu kama vijicho vya mchuzi na chini kinabaki kikande. Maji yawe ya moto kweli, kahawa itangulie ikorogwe, halafu unga uunyunyize huku unakoroga. Wanaomimina kipakti kizima kwa mpigo mmoja ndio wanaokuja kulalamika hapa kuwa ni mbovu.

Jambo moja usilifanye: usiitie kwenye kahawa chungu. Niliwahi kukaa Jaws Corner, ile baraza ya kahawa Mji Mkongwe, muuza kahawa kanijazia kikombe kutoka kwenye dele, tangawizi inanukia, na mimi kwa mazoea nikatoa kipakti mkobani. Mzee aliyekaa karibu yangu akaacha kete za bao akanitazama. "Mwanangu, unaumwa?" Nikakirudisha mkobani. Nikala kashata.

Kwa hesabu ya pesa, usilinganishe sanduku na sanduku. Gawa bei kwa idadi ya vipakti, kisha uzidishe kwa vile unavyotia kweli kwenye kikombe chako. Mimi kwa hesabu hiyo vijikombe vya maji nimeviacha kwa ajili ya wageni na safari ya boti tu, maana mle huwezi kukoroga unga bila kumwagia jirani.

Nami nina swali kwenu. Kwa ajili ya yule kijana wa shangazi nimekuwa nikitafuta iliyo ya mimea tupu. Nikaona dukani tui la nazi la unga, nikafurahi, nikasema nazi ni yetu, haiwezi kunisaliti. Nikaomba sanduku, nikaligeuza: nazi, kisha jina lile lile linaloanza na c-a-s-e-i-n. Kuna yeyote Unguja au Pemba aliyepata ya vipakti isiyokuwa nayo? Nitajieni duka, mtu wa boti nitamtuma mwenyewe.