Gym iache kwanza, anza na miguu

Ndugu yangu, umesema unakaa dukani Kariakoo kutwa nzima, mgongo unauma, usingizi hupati, unawafokea watu ovyo, na sasa unataka kulipia gym. Gym iache kwanza. Hela hiyo nunua raba nzuri. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea haraka kunahesabika. Shuka daladala vituo kadhaa kabla ya nyumbani, utembee mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Nusu saa, siku tano, imetosha. Mara mbili kwa wiki ongeza pushapu na kuchuchumaa, hata nyuma ya kaunta (wateja watacheka, kisha watazoea).

Kuhusu usingizi, mimi naishuku ile chai ya rangi unayokunywa usiku kabla ya kufunga duka. Saa tano hivi baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini yake (kile kichangamshi kinachofukuza usingizi) bado imo mwilini. Ihamishie asubuhi. Simu nayo ilale sebuleni.

Ila kifua kikibana unapotembea, au huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, nenda kituo cha afya, usisubiri mazoezi yakutibu.