Picha za harusi zimekuwa nyekundu na wala hazijakaa juani

Mwaka jana mtoto wa dada yangu alifungua albamu ya harusi ya wazazi wangu, ya 1979, akaniuliza mjomba, mbona bibi alivaa gauni la pinki? Iliniuma sana jamani, maana lile gauni lilikuwa jeupe pe, na albamu yenyewe haijaona jua, miaka yote ilikuwa Tanga juu ya kabati, karibu na bati.

Kumbe kosa lilikuwa hapohapo. Picha ya rangi ikishasafishwa haibaki na madini ya fedha kama zile za blakendi waiti, inabaki na rangi tatu tu za kemikali, ya bluu-kijani, ya magenta (wekundu wa kizambarau) na ya njano, na joto na unyevunyevu vinazivunja taratibu hata gizani. Kwenye picha nyingi za miaka ile bluu-kijani ndo inatangulia kufa, sa ikiondoka unabaki na wekundu. Picha ya babu ya blakendi waiti, ya zamani zaidi, iko kabati lilelile na bado safi kabisa.

Hata filamu za sinema yaliwakuta hayo. Kopi za Eastmancolor, aina ya filamu ya rangi ya kampuni ya Kodak iliyoanza 1950, nyingi zimegeuka pinki, mpaka 1980 Martin Scorsese, yule mwongozaji sinema wa Marekani, akaongoza kampeni ya kuibana Kodak itengeneze filamu isiyochuja haraka. Za Technicolor za zamani, aina nyingine ya filamu za rangi, zilizokuwa zinapigwa rangi kama chapa, bado zinawaka.

Kwa hiyo ukiwa na albamu kama hizo shusha leo, usisubiri Idi. Weka chumba chenye ubaridi, kabati la chini lisilogusa ukuta unaotoa maji, na zile albamu za kurasa zenye gundi na nailoni achana nazo, bahasha za karatasi nzuri zinatosha. Friji mi siishauri, umeme ukikatika ukirudi picha zinalowa.

Afu skani sasa hivi, hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu kwenye kompyuta rangi iliyofifia inaweza kuongezwa ila iliyokwisha kabisa hairudi, hapo fundi anakisia tu. Kama huna skana piga kwa simu karibu na dirisha, flashi zima. Orijino na negativu (zile filamu zinazochapiwa picha) usimwachie mtu wa studio, mimi niliwahi kumwachia mmoja negativu sikuziona tena.

Na kaa na wazee wakati unarekebisha. Mi nilikaa na mama, kanga ya shangazi kwenye picha imekuwa kama kahawia, mama akasema hapana, ilikuwa kijani na pindo jeusi, nakumbuka nilimnunulia mwenyewe. Nimerekebisha kopi hivohivo na maneno yake nimeyaandika kwenye bahasha.