Kukata Wanga au Kuhesabu Kalori? Nimefanya Yote Mawili, Nisikilizeni

Juzi msomaji mmoja kaniandikia kwa kujiamini kweli kweli. Amekata wanga, wiki ya kwanza tu mizani imeshuka kilo nne, na anaona mimi na kalori zangu nawapotezea watu muda. Akamalizia na kicheko. Nimemjibu kwa adabu, lakini lile jibu la adabu halikunitosha, kwa hiyo leo naandika kirefu. Najua mnaosoma hapa mnakitaka kile kile ninachokitaka mimi: suruali ya zamani ifunge bila mtu kubana pumzi.

Tuanze na hizo kilo nne. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, akiba inayoitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima ni kama nusu kilo hivi, na kila gramu yake inakaa na maji takribani gramu tatu. Ukiacha wali, mkate na sukari, akiba hiyo inaliwa na maji yake yanaishia chooni. Piga hesabu mwenyewe: nusu kilo na maji ya kilo moja na nusu, tayari kilo mbili zimeondoka na kitambi hakijaguswa. Insulini, ile homoni inayosimamia sukari mwilini, nayo ikishuka, figo huachia chumvi, na chumvi haiendi peke yake, inaondoka na maji mengine. Ndiyo sababu siku zile za mwanzo kichwa kinagonga na miguu inalegea. Sasa mafuta yenyewe: kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba kalori kama 7,700. Kuyayeyusha kilo nne kwa wiki kungetaka upungufu wa kalori zaidi ya 4,000 kila siku, na wengi wetu kwa siku nzima hata hizo hatuzitumii.

Simcheki msomaji wangu. Raha ya mizani kushuka hivyo naijua, nimeionja. Ila mimi nilianzia upande wa pili.

Nilianzia kwenye kalori kwa sababu ya aibu. Kwenye sherehe ya familia, mtu wa karibu kabisa alinishika kiuno mbele za watu akaniuliza, "Mwenzetu, siku hizi unalishwa na nani?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Amesahau, nina hakika. Mimi sijasahau, na wala sina haraka ya kusahau.

Nikanunua mizani ndogo ya jikoni. Soda situmii, keki si ugonjwa wangu, kwa hiyo niliamini tatizo ni ukoo. Siku moja nikaweka kikaango juu ya ile mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikamimina mafuta kwa mkono ule ule niliozoea tangu nijue kupika, bila kujibana. Namba ikapanda, ikapanda, ikasimama kwenye gramu 42. Gramu ya wanga ina kalori nne, ya protini nne, ya mafuta tisa. Karibu kalori 380, na kitunguu bado kiko kwenye ubao! Hakuna anayemimina mafuta akasema "nimekula mafuta". Utasema umekula mboga.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwachunguza watu wanene walioapa kwamba hawapungui hata wakila kidogo. Ikaonekana karibu nusu ya walichokula hawakukiandika. Si waongo, macho ndiyo hayapimi.

Basi nikahesabu, na nikapungua, polepole lakini kwa uhakika. Miezi ile haina hadithi: kupima, kuandika, kulala na njaa kidogo. Kilichonichosha ni ule uhasibu. Ukialikwa mahali unakula huku kichwani unajumlisha, mwenyeji anadhani hukupenda chakula chake.

Ndipo nikahamia kwenye kukata wanga, chini ya gramu 50 kwa siku. Mayai, samaki, nyama, majani, parachichi. Nikiri, njaa ilitulia kuliko nilivyotarajia, na sehemu kubwa ya sifa hiyo naipa protini. Watu wakaanza kuniuliza siri, nami nikaanza kutembea kifua mbele. Baadaye mizani ikagoma. Choo kikawa kigumu kwa kukosa nyuzinyuzi. Na nilipoirudisha ile mizani ya jikoni mezani, nikakuta mkono wangu unaingia kwenye bakuli la karanga kila nikipita. Karanga gramu 100 zina kalori zaidi ya 550. Wanga hamna wa kutisha, kweli, lakini mwili unazihesabu hata kama wewe umeacha kuhesabu.

Wataalamu wamelipima jambo hili mara nyingi. Chuo Kikuu cha Stanford, chini ya Christopher Gardner, kilitoa matokeo mwaka 2018: watu 609, nusu wakapunguza mafuta, nusu wakapunguza wanga, mwaka mzima. Wa mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kilo 6.0, tofauti isiyo na uzito kitaalamu. Ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua kilo nyingi mno na walioongezeka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 ulishaonyesha waliokata wanga wakiongoza mwezi wa sita, na kufikia mwezi wa kumi na mbili pengo limepungua hata halina uzito kitaalamu.

Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kugombana kama mashabiki wa mpira. Kukata wanga ni njia mojawapo ya kula kalori chache bila kuziandika, basi. Kama wewe ni mtu wa kuchokonoa usiku na njaa inakutesa, kata wanga, ongeza protini, usiache majani. Kama huwezi kuishi bila wali, usijitese, kula kidogo na upime. Vyovyote utakavyochagua, pima mafuta. Narudia, pima mafuta. Hata aliyekata wanga apime mafuta.

Ila anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asikate wanga kabla ya kumwona daktari wake. Dozi ile ile juu ya wanga kidogo inaweza kushusha sukari mpaka mtu akazimia. Hapo sitanii na mtu.

Na wewe uliyekwisha kukata, jiandae kwa siku utakayokula wali tena. Mizani inaweza kupanda kilo moja au mbili ndani ya siku chache, na wengi hapo hukata tamaa wakala kila kilichoko mezani. Ni glaikojeni inajaa upya na maji yake. Jipime asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai, uangalie wastani wa wiki nzima, na kiuno ukipime kwa futi ya fundi cherehani.