Kabla hujamshtaki daktari Texas: ushauri wa mkalimani wa hospitali

Mimi ni mkalimani wa hospitalini, Kiswahili na Kiingereza, huku kaskazini mwa Texas. Wengi ninaowahudumia ni Wakongomani waliofika kama wakimbizi baada ya miaka mingi kambini, pamoja na wazee wa Kikenya na Kitanzania waliokuja kukaa na watoto wao. Ya wagonjwa ni siri na hayatoki mdomoni mwangu. Ila nje ya kazi, kanisani na misibani, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, daktari amemharibu mama. Tumpeleke kortini?"

Wanaouliza wameshasikia kwamba Marekani ukimshtaki daktari unakuwa tajiri. Hapa Texas mambo hayako hivyo tangu mwaka 2003, na ni vizuri mtu ajue kwa nini kabla hajapanga foleni kwa mawakili.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 gharama za bima ambayo madaktari hukata kujikinga na kesi zilipanda kwa kasi. Walioumia zaidi ni madaktari wa uzazi na wapasuaji wa ubongo, maana kosa moja kwao linaweza kumlemaza mtu maisha yake yote. Tena bima nyingi za namna hii humlinda daktari kwa madai yanayoletwa wakati anaendelea kulipa, kwa hiyo akistaafu au akihama kazi hutakiwa kulipia nyongeza ya kumkinga na kesi zitakazomfuata nyuma. Madaktari wakasema mawakili wanawafilisi. Mawakili wakajibu kwamba kampuni za bima zimepata hasara kwenye uwekezaji wao na sasa zinatafuta pa kuifidia. Ninavyoona mimi, kila upande ulikuwa na ukweli wake. Bima hizi zilishawahi kupanda ghafla katikati ya miaka ya 1970 na tena katikati ya miaka ya 1980, kisha zikatulia. Huwezi kuniambia kila mara chanzo kilikuwa mawakili peke yao.

Bunge la Texas likapitisha sheria, na tarehe 13 Septemba 2003 wapiga kura wakaidhinisha marekebisho ya katiba ya jimbo kwa tofauti ndogo sana, kama asilimia 51 hivi. Fidia ya maumivu na mateso ikawekewa kikomo cha dola 250,000 kwa madaktari, hata wakishtakiwa watatu kwa pamoja. Kwa hospitali ni dola 250,000 kila moja, na zote kwa jumla hazivuki 500,000. Kiasi hicho hakijawahi kuongezwa ili kiendane na kupanda kwa maisha. California, iliyoweka kikomo kama hicho mwaka 1975, ilikubali kukipandisha kuanzia 2023 na kinaendelea kupanda kila mwaka. Texas imeganda palepale.

Bima zilishuka kweli, hilo tusibishane. Ahadi kwamba madaktari wangemiminika Texas ndiyo ina utata: wasomi wa sheria waliochambua takwimu za jimbo hili hawakuona ongezeko linaloweza kuhusishwa na sheria hiyo.

Sasa linalotuhusu sisi. Kikomo hakigusi mshahara uliopotea wala gharama za matibabu. Hizo unaweza kudai zote. Maana yake ni kwamba injinia aliyepooza ana kesi kubwa, lakini bibi yako asiye na mshahara, akiumizwa vilevile, kesi yake ni ndogo. Mjadala wote unaendeshwa kama ugomvi wa daktari na wakili, ilhali anayelipia ni mzee, mtoto na mama wa nyumbani.

Nililiona hili kwa macho yangu nilipomsindikiza bibi mmoja jirani yetu, aliyeniruhusu kusimulia bila jina wala hospitali. Alifanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo, akarudishwa nyumbani tumbo limevimba. Alipolalamika akaambiwa ni gesi. Aliporudi hospitalini alikuwa na homa kali, na ikagundulika kwamba mrija wa nyongo ulikuwa umekatwa. Wakili alisoma karatasi zake polepole, kidole kikifuata mstari, akasema hapa kuna jambo. Kisha akauliza: "Bibi anafanya kazi wapi?" Binti yake akajibu, "Hafanyi kazi. Analea wajukuu ili sisi twende kiwandani." Bili nani amelipa? Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. Wakili akafunika kalamu yake.

Barua ya kukataa kesi ilikuwa na aya mbili. Ya pili, kwa herufi nzito, ilimkumbusha bibi kwamba muda wake wa kisheria unaendelea kuhesabiwa.

Yule wakili si mtu mbaya, hesabu ndiyo iliyomkataza. Mawakili wa kesi hizi huchukua theluthi moja hadi asilimia 40 ya fidia, na wakishindwa hawapati kitu. Kabla ya yote wanatakiwa wawalipe madaktari wengine watoe maoni ya kitaalamu, na kesi moja inaweza kula makumi ya maelfu ya dola. Pesa ya bili ikipatikana, Medicaid inadai irudishiwe ilichotoa. Kwa hiyo unapokwenda kwa wakili, usijibu "hafanyi kazi" ukanyamaza. Bibi yule alikuwa anapika, anafua, anawapeleka watoto kwenye basi la shule. Sasa familia inamlipa mtu. Kazi za nyumbani zilizopotea na gharama ya kumlipa mlezi ni hasara ya kiuchumi, na hasara ya kiuchumi haina kikomo. Andika nani analipwa, kiasi gani, tangu lini, na utunze risiti. Bibi alipokwenda kwa wakili wa pili akiwa na daftari la namna hiyo, angalau alisikilizwa hadi mwisho.

Kuhusu muda: kwa kawaida ni miaka 2 tangu kosa litokee, na kabla ya kufungua kesi unatakiwa umpe daktari notisi ya siku 60. Daktari akishajibu mashtaka, upande wako una siku 120 kuleta ripoti ya mtaalamu inayoeleza kosa ni lipi na lilileta madhara gani. Isipoletwa, daktari akiomba, kesi inafutwa na unaweza kubebeshwa ada za wakili wake. Ndiyo maana sishauri mtu ajiandikie kesi mwenyewe, hata kama mpwa wake amesoma sheria kule nyumbani.

Lakini la kwanza kabisa ni kujua mlitibiwa wapi, na hapa watu wetu wengi wanaangukia pua. Kama ni hospitali ya kaunti, ile ya umma, notisi inatakiwa ndani ya miezi 6 tu, fidia kwa mtu mmoja haivuki dola 100,000, na makosa mengi hayadaiki kabisa. Kama ni kliniki ya jamii inayofadhiliwa na serikali kuu, zile ambazo wakimbizi wengi huanzia, daktari wake mara nyingi hukingwa na serikali ya Marekani yenyewe. Hapo mdaiwa ni serikali, na dai linaanzia Wizara ya Afya ya Marekani kwa maandishi, ndani ya miaka 2, kabla ya mahakama. Kosa la chumba cha dharura nalo lina kipimo kigumu zaidi: uzembe wa kawaida hautoshi, lazima uoneshe kwamba daktari alipuuza hatari kwa makusudi. Bango la mlangoni halikwambii kliniki ni ya aina gani. Uliza, na mwambie wakili siku ya kwanza.

Faili la matibabu ombeni mapema, wakati bado mnaongea vizuri na hospitali. Ni haki ya mgonjwa, sheria ya serikali kuu inawapa siku 30, na hulazimiki kueleza unalitaka la nini. Ombeni lote, pamoja na maandishi ya manesi. Muhtasari wa kuruhusiwa kwenda nyumbani peke yake hautoshi.

Na katika hili naomba mnisikilize kama mkalimani: msimtumie mtoto kutafsiri fomu ya ridhaa. Hospitali inayopokea pesa za serikali inatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, na msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mkalimani wa simu hutaja namba yake ya utambulisho mwanzoni mwa mazungumzo. Iandike, pamoja na saa. Baadaye ikisemwa kwamba bibi alielezwa hatari zote na akakubali, namba hiyo itaonesha kama kuna aliyemweleza kwa Kiswahili, au kama mjukuu wa darasa la sita ndiye aliyesema "wanataka usaini hapa".

Daktari akikwambia pole kwa yaliyokupata, maneno hayo huwezi kuyatumia mahakamani Texas, sheria inayalinda. Akikiri kosa, hilo halilindwi, ndiyo maana wengi wanaishia kwenye pole. Usimchukie kwa hilo.

Kama mawakili wote wamekataa, peleka malalamiko Bodi ya Madaktari ya Texas. Ni bure, na huhitaji wakili. Hawatakulipa hata senti, ila wanaweza kumchunguza daktari na kumwadhibu, na adhabu huwekwa wazi mtu yeyote aione. Bibi alipeleka.

Binti yake naye akaenda ofisi ya hospitali inayoshughulikia malalamiko ya wagonjwa, akiwa na bili ambazo Medicaid haikulipa. Walikubali kuzifuta, wakampa karatasi asaini. Alinipigia simu akiwa bado ameketi pale. Tulisoma naye mstari kwa mstari, na kwenye ukurasa wa pili kulikuwa na sentensi inayosema kwamba kwa kusaini, bibi anaachia madai yake yote ya sasa na ya baadaye. Aliomba sentensi hiyo iondolewe. Karani akaenda ndani, akarudi na karatasi nyingine isiyo nayo.