Kliniki haiishii miezi 9

Mama mmoja wa Ahero ameniandikia wiki hii. Kijana wake ana mwaka mmoja na nusu, anakimbia, anakula vizuri, na mama mkwe amemwambia kliniki huishia kwenye chanjo ya surua ya miezi 9. Arudi tena ya nini?

Dada yangu, enda. Chanjo hupewa mtoto mzima, haingoji augue. Dozi ya pili ya surua na rubela ni ya miezi 18, kwa kuwa wapo watoto ambao ile ya kwanza haikuwashika. Tena sisi wa kando ya Ziwa Victoria tuna chanjo ya malaria, iliyozinduliwa hapa Kenya pale Homa Bay Septemba 2019. Dozi ni 4, ya kwanza akiwa na miezi 6, na ile ya nne ndiyo wengi huiachia njiani.

Nilipompeleka binti yangu kwa ile ya miezi 18, nilitoka Nyalenda alfajiri, nimeomba ruhusa kazini, nikakalia benchi hadi karibu saa sita. Nesi akasema bila kunitazama, "Watoto hawajatosha, njoo Alhamisi." Kuuliza sababu, akanifokea mbele ya akina mama wote. Mpaka leo inaniuma. Alhamisi yenyewe nesi mwingine, mpole, alinieleza huku akichanganya ule unga na maji yake: kichupa kimoja ni cha watoto 10, na kikishachanganywa, kitakachobaki baada ya muda wa saa 6 kinatupwa. Maelezo ya dakika moja tu! Mama akielezwa hivyo anarudi. Akifokewa, wengi hawarudi.

Mimi nilirudi. Leo kitabu cha kliniki cha binti yangu hakina pengo hata moja, na hilo najivunia kuliko vyeti vyangu vyote.

Basi kabla hujapanda matatu, muulize mhudumu wa afya wa mtaani kwenu kichupa cha surua hufunguliwa siku gani. Beba kitabu. Mafua kidogo yasikurudishe nyumbani. Umechelewa? Mtoto haanzi upya, anaendelea alipoachia. Ukiwa pale pale omba apimwe uzito, apewe vitamini A, ambayo ni kila miezi 6 hadi atimize miaka 5, pamoja na dawa ya minyoo. Na baba yake akiuliza nauli ni ya nini tena, mfungulie ukurasa wa chanjo asome mwenyewe.