Kabla ya avata, ulizeni kioo

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: "Mtoto akijichagulia avata kwenye gemu, tabia yake hubadilika?" Avata ni ule mwili wa kuchorwa unaokuwakilisha kwenye gemu. Swali limenigusa pabaya, maana kila la kompyuta tunawatwisha watoto. Wengi walio kwenye vibanda vya gemu pale Mbauda wanacheza mpira: sasa hivi mtoto ni beki, pasi moja baadaye ni winga. Hajavaa mwili wa yeyote. Wa kuulizwa ni watu wazima.

Tuanze na jaribio la Nick Yee na Jeremy Bailenson, Chuo Kikuu cha Stanford, lililochapishwa 2007. Mtu anavalishwa miwani ya uhalisia pepe, anajikuta kwenye chumba cha kubuni chenye kioo. Anaambiwa ajitazame na kugeuza kichwa huku na huku, kama dakika moja tu. Kiooni kuna sura isiyo yake, nzuri au mbaya, nayo inamfuata kila anavyojigeuza. Kisha anakutanishwa na mtu wa pili, anaombwa amsogelee na kujieleza. Waliopewa sura nzuri walisogea karibu zaidi, wakafunguka zaidi. Utamu uko hapa: yule wa pili hakuwa akiiona sura hiyo. Kwa hiyo hamwezi kusema kwamba mtu alichangamka kwa kuwa alichangamkiwa. Kilichombadilisha ni kile alichokiona kiooni.

Wakafanya na la kugawana dola 100; mgawo ukikataliwa, wote wanatoka mikono mitupu. Waliopewa mwili mfupi kuliko wa mwenzao kwa sentimita 10 walikubali mgawo wa kuonewa, 25 zao na 75 za mwenzao, karibu mara mbili ya warefu. Wauza mitumba wa Memorial pale Moshi hawahitaji maabara kulijua hilo: mteja aliyejishusha mwenyewe hata kupunguziwa haombi.

Ila mambo haya huharibika upesi. Mkono ukitangulia na picha ikafuata baadaye, akili inaukataa ule mwili. Kwenye simu inayokwamakwama, tena gemu ambayo muda wote unamwona mhusika wako kwa mgongo, sitarajii makubwa.

Nilikusudia kuusifia ujanja huu. Mwaka 2011 mtafiti Hal Hershfield na wenzake waliwaonyesha vijana sura zao zilizozeeshwa. Wakatenga akiba ya uzeeni zaidi ya mara mbili ya wenzao. Lakini majaribio ya kuwavalisha watu avata ya Mwafrika yamegongana: la 2009 lilikuta upendeleo kwa Wazungu umezidi, la Barcelona la 2013 likakuta ubaguzi uliojificha umepungua. Huenda ni kwa kuwa la Barcelona mwili mzima ulimfuata mtu, lakini siapi.

Basi, kwa watoto nalegeza kamba, mpaka siku mtakapowanunulia miwani yenyewe. Kwa vikoba vyetu, vile vikundi vya kuweka na kukopa, hiyo sura ya uzee ijaribiwe kabla ya kuchangia hisa. Ila funguo tatu za sanduku la fedha zibaki kwa watu watatu.

Msomaji wenu, Arusha