Dogo wa Fuso, vua viatu ulale kwanza

Salamu yetu ya Kigogo, mbukwenyi, tutapeana baadaye. Nimesoma bandiko lako lote, dogo. Unauliza ujifunze kapoeira au kungfu, BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa, unajisajilije, shoo moja uchaji bei gani, na kama uuze bodaboda upate hela ya video. Watu wamekujibu vizuri tu. Ila kurasa mbili zote sijaona hata mmoja aliyegusa ule mstari wako wa mwisho: "Jumamosi nina shoo ya promosheni juu ya Fuso, nitapiga samasoti mbili mfululizo maiki ikiwa mkononi." Umeuandika kama mtu anayesema Jumamosi atafua nguo.

Hiyo Fuso umeikagua? Siulizi kama umeiona imepaki mahali. Nauliza kama umepanda, ukavua viatu, ukalala chali juu yake.

Usicheke. Mimi nina mkanda wa kahawia wa karate kama wewe, nimekulia Kikuyu hapa hapa Dodoma, na kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo unayoitaka. Naanza na kata ya karate, ule mpangilio wa ngumi na mateke unaopigwa peke yako, kimya kimya, biti ya singeli inaingia, kata inageuka dansi, njuga ziko miguuni, natikisa mabega Kigogo, halafu nashika maiki naimba. Watoto wa Majengo walikuwa wananiita Ninja wa Zabibu. Jina sikulichagua mimi, na nakuomba usilitumie kwenye uzi huu. Leo nauza vipuri vya pikipiki na nikipanda ngazi lazima nitangulize mguu wa kulia.

Ilikuwa Agosti 2015, uzinduzi wa baa moja. Unaujua upepo wa Dodoma mwezi wa nane, ukiacha chai wazi dakika tano unakunywa tope. Jukwaa lilikuwa mapipa, juu ya mapipa plaiwudi, juu ya plaiwudi kapeti jekundu limenyooshwa vizuri kama la mgeni rasmi. Nilifika nimechelewa, nikapanda, nikahisi pale katikati panabonyea. Nikainama nifunue kapeti nione kuna nini.

Kiongozi wetu wa kundi akanishika bega. Akaniambia, "Ninja, msanii wa kweli hachagui sakafu."

Nikaliachia kapeti. Hilo ndilo kosa lenyewe, mdogo wangu. Mengine yote yaliyofuata yalitoka hapo, kwenye ile sekunde niliyoona aibu kuonekana mwoga mbele ya watu waliokuwa wanakunywa soda.

Ngoja nimzungumzie kidogo huyu bwana maana sijawahi kumzungumzia hadharani. Alijiita Sensei, yaani mwalimu. Karate alijifunzia kibanda cha video, tena zile za kutafsiriwa, kwa hiyo hata mateke yake yalikuwa na sauti ya yule mtafsiri. Miaka mitatu niliyokaa kwenye kundi lake sijamwona akiruka hata mtaro. Yeye alikuwa anasimama pembeni na chupa ya maji na kitambaa shingoni, kazi yake kutufundisha ujasiri. Na sisi tukamwamini kwa sababu alikuwa na sauti nzito na suruali nyeusi yenye mstari mweupe! Fundi aliyejenga lile jukwaa baadaye nilikuja kumjua, kazi yake ilikuwa vibanda vya chipsi. Sina ugomvi na vibanda vya chipsi. Ila kibanda cha chipsi hakirukiwi na mtu wa kilo sabini aliyevaa njuga.

Samasoti ya kwanza ilitoka safi. Ya pili nilitakiwa nitue mguu wa kushoto, nijigeuze hapo hapo na teke la kuzunguka, biti ikate, niingie ubeti wa tatu. Nikatua. Chini ya lile kapeti mbao mbili zilikuwa hazijakutana, kuna upenyo, na mguu ulizama mpaka kwenye kifundo. Njuga zikanasa. Mwili wenyewe ulishaanza kugeuka, huwezi kuurudisha. Kwa hiyo unyayo ulibaki unatazama kaunta ya baa, mimi natazama barabarani, na katikati yetu kuna goti.

Lilitoa sauti. Kama unavunja muwa kwenye paja.

Watu wakashangilia. MC akasema, "Mwongezeeni makofi Ninja!" Wapiga ngoma wakaongeza kasi. Na mimi, kwa vile maiki ilikuwa bado mkononi na akili haijafika, nikaimba ubeti mzima wa tatu nikiwa chini. Mpaka leo kuna mtu Chang'ombe ananiambia ile staili ya kuimba umelala ilikuwa kali sana, niirudie.

Malipo yalikuwa laki moja na nusu. Sensei akakata elfu hamsini, anasema ni ya usumbufu.

Ungedhani nimejifunza. Usiku ule goti limejaa kama boga, Sensei akasema ni msuli tu umeshtuka, akaleta mkandaji. Yule mama alikanda kwa mafuta ya moto, na mikono yake ilikuwa na nguvu za kusukuma trekta. Nililia mpaka jirani akagonga ukuta. Kitu kilichotakiwa ni barafu, kuinua mguu, na kwenda hospitali kesho yake asubuhi. Goti likitoa sauti, likavimba ndani ya saa chache, halafu ukijaribu kusimama linakuwa kama bawaba iliyolegea, huo si msuli. Ni kano za ndani, na hazikandwi.

Wiki ya tatu uvimbe ukapungua. Sensei akaja na shoo ya Kibaigwa. Nikafunga bandeji nikaenda! Sikuruka hata, nilikuwa nacheza tu taratibu, goti likaniachia nikakaa chini kama mtoto anayejifunza kutembea. Mwaka uliofuata nilipopanda basi kwenda Dar kufanya kipimo cha MRI, daktari alinionyesha kwenye picha: kano ya mbele ya goti imekatika, na ule mto wa gegedu unaokaa kati ya mifupa umechanika. Akasema huo wa pili inawezekana kabisa ungepona kama ningetulia. Kisha akaniuliza, "Ulikuwa unacheza mpira?" Nikamjibu hapana daktari, nilikuwa ninja. Hakucheka. Mimi pia sikucheka, nilikuwa napiga hesabu.

Bima sikuwa nayo. Nilikuwa na kiwanja Nzuguni, nimekilipia kidogo kidogo kwa hela za shoo. Nikakiuza Mei 2016 kwa bei ya mtu anayeumwa. Julai mwaka huo huo Rais Magufuli akatangaza serikali yote inahamia Dodoma. Mwezi wa saba, dogo. Mimi nimelala kitandani mguu uko juu ya mito, nasikiliza redioni viwanja vinavyopanda bei. Kile changu sasa kina nyumba ya bati la kijani na geti lina simba wawili. Mke wangu ameniomba tusipite tena njia ile.

Kwa hiyo Jumamosi. Shoo ikiwa saa tisa, wewe fika saa sita. Vua viatu na soksi, tembea bodi yote kwa unyayo mtupu, pole pole, kona mpaka kona, ukikanyaga kwa kisigino. Unyayo unaona kuliko macho: utaushika msumari, utalishika bati lililokunjuka, utaishika oili aliyomwaga mtu wiki iliyopita akibeba injini. Kukiwa na kapeti au turubai lifunue, na mwenye shoo akikununia anune. Kisha lala chali, nyoosha mikono juu ya kichwa, ukiwa umekatiza upana wa gari. Fuso haifiki mita mbili na nusu. Vidole vya mikono vikikaribia ubavu mmoja na visigino vikikaribia ubavu wa pili, hapo hakuna samasoti, acha ubishi. Na bado hawajapakia maspika na jenereta! Ukiwa umelala hapo hapo mwambie mtu aruke kidogo pembeni yako. Mgongo utakwambia springi za gari zinacheza kiasi gani. Sakafu inayoshuka wakati unapanda na kupanda wakati unashuka itakutupa hata kama wewe ni bingwa wa sarakasi. Gari wasiliache kwenye mteremko, tairi ziwekewe mawe, na usirukie gari linalotembea hata wakikuongezea laki. Vumbi lifutwe kwa tambara bichi, sio ufagio, ufagio unalihamisha tu.

Ukishamaliza, kama bado una shaka, shoo ipo. Piga kata, cheza, imba, shuka chini kwenye vumbi la Mungu ufanye samasoti yako huko. Hakuna aliyenunua sabuni kwa sababu msanii alijirusha juu ya lori.

Kuna mmoja hapo juu amekupa mfano wa Jackie Chan, eti hajali maumivu. Jackie Chan alilelewa kwenye shule ya opera ya Kichina Hong Kong miaka kama kumi, akifundishwa kuimba, sarakasi na mapigano pamoja, na bado mwaka 1986 kule Yugoslavia alianguka kutoka mtini akipiga filamu, fuvu likapasuka. Alipelekwa hospitali haraka, kukawa na kampuni ya filamu nyuma yake. Wewe nyuma yako kuna nani? Mimi nilikuwa na Sensei na chupa ya maji. Mkitaka mfano mchukueni Bruce Lee, maana wengi wanajua ngumi zake na hawajui kwamba mwaka 1958 alikuwa bingwa wa kucheza cha-cha Hong Kong. Huyo ndiye anakuhusu. Miguu ilijua mdundo kwanza.

Kuhusu kapoeira, ndiyo, jifunze ukipata mwalimu, inakufaa kuliko kungfu kwa hicho unachofanya. Ni mchezo wa Waafrika waliopelekwa utumwani Brazil, sheria ya kule iliupiga marufuku mwaka 1890, na mwaka 2014 UNESCO wakauingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ninachokipenda ni kwamba muziki ndio unaoongoza. Mwenye berimbau, ule upinde wenye kibuyu, akipunguza kasi nanyi mnapunguza. Nasi hapa tuna zeze na ilimba, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, zinakaa bila kazi. Marehemu Hukwe Zawose alitoka huku huku Ugogoni na dunia ikamjua kwa sauti na ilimba, kwa hiyo hicho kizeze chako ulichokitaja usikiweke stoo kwa sababu ya mateke. Nenda Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, ukae upande wa wazee, uangalie wanavyokanyaga ardhi. Hawakurupuki.

BASATA wengine wamekujibu. Bei sijui nikwambie nini, zangu ni za zamani, ila iandikwe kwenye karatasi kwamba ukiumia nani analipa. Akikataa kuandika, ameshakujibu. Kulikuwa na swali lingine la nne, limenitoka. Ah, bodaboda. Usiuze. Nimeshakueleza ya kiwanja.

Ijumaa jioni nipigie picha uiweke hapa. Wewe usikae kwenye picha. Nataka sakafu ya hiyo Fuso peke yake, kapeti likiwa limefunuliwa.